Jaribio la salfa kwenye mikorosho 24: daftari la msimu uliopita liingie wapi katika regresheni ya Kibayesi?

Bi Ugani, Kitangari

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Ninafanya kazi ya ugani wilayani Newala, na ninaomba ushauri wa kitakwimu kabla upuliziaji wa msimu huu haujaanza. Kikundi cha wakulima ninachokihudumia kimebishana kwa muda mrefu kuhusu kiasi cha salfa ya unga kinachofaa kuukinga mkorosho na ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu unaoshika maua: wapo wanaoshikilia kwamba gramu 100 kwa mti katika kila duru ya upuliziaji zinatosha, na wapo wanaoamini kwamba chini ya gramu 200 ni kumlipa mpuliziaji ujira wa bure. Tumekubaliana kufanya jaribio kwenye mikorosho 24, na kipimo kitakuwa kilo za korosho ghafi zitakazookotwa chini ya kila mti hadi mwisho wa msimu.

Sianzi mikono mitupu. Ninalo daftari la msimu uliopita lenye mikorosho 60 ya wanachama, ambamo kila mti una namba yake, kiasi cha salfa ulichopata (kuanzia sifuri hadi gramu 300 kwa duru) na kilo zilizopatikana. Nilipoingiza takwimu hizo kwenye regresheni ya kawaida ya mstari (kutafuta mstari unaopita karibu zaidi na takwimu), mteremko wa mstari huo ulitoka kilo 2.1 kwa kila gramu 100 zilizoongezwa, kosa sanifu (kipimo cha mashaka ya makisio hayo) likiwa 0.5, na mabaki, yaani tofauti kati ya mavuno ya kila mti na mstari huo, yalikuwa na mkengeuko sanifu (kipimo cha mtawanyiko) wa kilo 4 hivi.

Nimesoma kwamba mbinu za Bayes zinaruhusu taarifa ya namna hiyo iingizwe kwenye uchambuzi kama mgawanyo wa awali, yaani imani tuliyo nayo kabla ya kuona data mpya. Ninachotaka kujua ni kama ni halali kuuingiza mteremko huo kama ulivyo, na kama taarifa hiyo inabadili namna ya kuigawa miti. Mwenzangu mmoja anasema nusu ya miti ipewe sifuri na nusu ipewe gramu 200; mimi nilikuwa nimepanga miti 8 ya sifuri, 8 ya gramu 100 na 8 ya gramu 200. Pia naomba niambiwe bila kuonewa haya kama miti 24 ni michache mno.

Mtakwimu wa Shangani

Dada, nianze na hesabu yenyewe, kwa sababu ni nyepesi kuliko sifa yake. Katika regresheni ya mstari ambayo mabaki yake yanafuata mgawanyo wa kawaida na variansi yake (mkengeuko sanifu mara wenyewe) inajulikana, uzito wa taarifa yoyote kuhusu mteremko ni moja ikigawanywa kwa variansi ya makisio yake, na uzito hujumlishwa: uzito wa mwisho ni uzito wa awali pamoja na uzito ulioletwa na jaribio. Makisio mapya ya mteremko ni wastani wa makisio ya awali na makisio ya jaribio, kila moja likihesabiwa kwa kadiri ya uzito wake. Variansi isipojulikana, kama ilivyo kwako, mgawanyo wa mwisho (imani baada ya kuunganisha ya awali na jaribio) unakuwa na mikia minene kidogo, lakini kwa miti 24 picha haibadiliki sana, na kwa mazungumzo haya nitaichukulia kuwa 16, yaani kilo 4 mara kilo 4.

Sasa tuseme msimu umekwisha, miti 12 ilipata sifuri na 12 ilipata gramu 200, na jaribio peke yake limetoa mteremko wa kilo 0.6 kwa kila gramu 100. Tukihesabu salfa kwa vipimo vya gramu 100, kila mti uko umbali wa kipimo kimoja kutoka katikati, hivyo jumla ya miraba ya umbali huo ni 24, na uzito unaoletwa na jaribio ni 24 kugawanya kwa 16, yaani 1.5. Daftari lako lenye kosa sanifu la 0.5 linakuja na uzito wa 4. Ukiliingiza lote kama lilivyo, makisio ya mwisho yatakuwa 1.69, na masafa ya asilimia 95, yaani eneo ambamo mteremko una uwezekano wa asilimia 95 kuwamo, yataanzia 0.86 hadi 2.53. Mkulima atakayesomewa matokeo hayo ataamini kwamba jaribio limethibitisha faida ya salfa, ilhali jaribio lenyewe lilisema 0.6 kwa sauti ndogo na lililozungumza kwa nguvu ni daftari.

Na daftari hilo lina kasoro ambayo kosa sanifu haliioni. Hakuna aliyepiga kura mwaka jana kuamua mti upi upate gramu 300. Mwenye fedha ya kununua salfa nyingi ndiye huyo huyo aliyepalilia mapema, aliyepogolea matawi yaliyokufa, na aliyewahi duru ya kwanza kabla maua hayajashikwa na ugonjwa. Inawezekana pia kwamba miti mikubwa ilipewa salfa nyingi kwa sababu tu ni mikubwa. Ile 0.5 inapima mtawanyiko wa namba peke yake. Haipimi kiasi gani cha zile kilo 2.1 kimetokana na jembe, panga na umri wa mti.

Ushauri wangu ni kulipunguzia daftari uzito bila kulitupa. Joseph Ibrahim na Ming-Hui Chen waliieleza njia hiyo kwa utaratibu mwaka 2000: mchango wa data za zamani hupandishwa kwenye kipeo kilicho kati ya sifuri na moja, na katika modeli ya mstari kama yetu hilo ni sawa na kuuzidisha uzito wake kwa kipeo hicho. Ukichukua robo, uzito wa 4 unakuwa 1, yaani mgawanyo wa awali wenye kitovu 2.1 na mkengeuko sanifu wa kilo 1. Kwa matokeo yale yale ya kufikirika, makisio ya mwisho yanakuwa 1.2, na masafa ni kuanzia −0.04 hadi 2.44. Bila daftari kabisa ungepata 0.6, na masafa ya kuanzia −1.0 hadi 2.2.

Kuhusu mgawanyo wa miti, modeli hii ina tabia moja inayosaidia sana: variansi ya mwisho haitegemei mavuno yatakayopatikana. Inategemea viwango vya salfa na uzito wa awali tu. Maana yake ni kwamba unaweza kukaa mezani leo, kabla ya kufungua mfuko hata mmoja, ukajua kila mpango utakuacha na mashaka kiasi gani. Mpango wa mwenzako (12 na 12) unaacha mkengeuko sanifu wa 0.63 kwenye mteremko. Mpango wako (8, 8, 8) unaacha 0.71. Kwa hiyo kama una hakika kwamba uhusiano ni mstari ulionyooka, mwenzako ameshinda.

Lakini je, una hakika hiyo? Ubishi wa wakulima wako ni kama gramu 100 zinatosha, na hilo ni swali la mkunjo: pengine mavuno yanapanda kutoka sifuri hadi 100, kisha yanatulia. Mpango wa 12 na 12 hauwezi kuliona hilo hata ungekuwa na miti elfu, kwa sababu hakuna mti uliosimama katikati. Basi tuongeze kwenye modeli kigezo cha mkunjo, ambacho kwa vipimo hivi kina maana rahisi: ni tofauti ya kilo kati ya mavuno ya katikati na wastani wa mavuno ya ncha mbili. Tuseme imani ya awali juu ya tofauti hiyo ina kitovu sifuri na mkengeuko sanifu wa kilo 1. Njia inayotumika sana kulinganisha mipango katika usanifu wa majaribio wa Kibayesi ni kuzidisha uzito wa mwisho wa mteremko kwa uzito wa mwisho wa mkunjo na kutafuta mpango wenye zao kubwa. Kwa 12-0-12 (miti 12 ya sifuri, hakuna wa gramu 100, 12 ya gramu 200) zao ni 2.50, kwa 8-8-8 ni 2.67, kwa 9-6-9 ni 2.72. Mpango bora unakaa kati ya wako na wa mwenzako, karibu zaidi na wako.

Ungekuwa na imani kali ya awali kwamba mkunjo haupo, tuseme mkengeuko sanifu wa kilo 0.25 tu, hesabu hiyo hiyo ingeirudisha miti yote kwenye ncha. Taarifa ya awali inabadili mpango, ndiyo, lakini iliyobadili zaidi hapa ni ile ya mkunjo, wala si zile kilo 2.1. Ukiangalia vizuri utaona kwamba kitovu cha 2.1 hakikuingia popote katika kuchagua mpango.

Mzee wa Ploti, Nachingwea

Mwanangu, hesabu ya Shangani siibishii. Nilichokiona mimi ni kwamba nyote wawili mmehesabu miti bila kuuhesabu upepo.

Salfa ya unga inapulizwa kwa mashine alfajiri, umande ukiwa bado uko kwenye majani, ili unga ushike. Hata alfajiri tulivu, wingu la manjano likitoka kwenye bomba halisimami penye mpaka wa mti. Nimeona mti ulioandikwa sifuri kwenye fomu ukiwa umepauka unga upande mmoja kuanzia juu hadi chini, kwa sababu jirani yake alikuwa wa gramu 200. Katika hali hiyo sifuri yako imekuwa 30 au 40, na gramu 200 yako imekuwa pungufu, na mteremko utakaoupata utakuwa mdogo kuliko ule wa kweli. Hakuna mgawanyo wa awali utakaoiponya hitilafu hiyo, kwa sababu iko ndani ya safu ya salfa yenyewe.

Dawa yake ni ya kizamani. Kila mti unaopimwa uzungukwe na miti inayopata kiwango kile kile, na korosho zipimwe za mti wa katikati tu. Katika mashamba yaliyopandwa kwa nafasi ya mita 12 kwa 12, mduara mmoja wa miti ya kinga unapunguza sana tatizo. Itakulazimu kununua salfa ya miti mingi kuliko 24, lakini usije ukadanganyika ukaihesabu miti ya kinga kama data. Kilichopigiwa kura ni ploti nzima, yaani mti wa katikati pamoja na miti yake ya kinga; basi na kwenye regresheni ploti moja ni mstari mmoja. Ukipima miti minne katika kila ploti ukaiingiza kama miti huru 96, utapata masafa membamba ya uongo, iwe umetumia Bayes au usitumie.

Jambo la pili ni bloku. Usitawanye kura juu ya ploti zote kwa pamoja. Gawa kwa mashamba au kwa umri wa miti, halafu upige kura ndani ya kila kundi. Mpango wa 9-6-9 aliousema Shangani unakaa vizuri kwenye bloku tatu za ploti 8, kila bloku ikiwa na ploti 3 za sifuri, 2 za gramu 100 na 3 za gramu 200.

Na uokotaji usimamiwe. Chini ya mti pafagiliwe kabla korosho hazijaanza kuanguka, na kila mti uwe na mfuko wake wenye namba. Watoto wakipita kuokota mabibo, korosho nazo zinaondoka, na hawaangalii mti ni wa gramu ngapi.

Mwalimu wa Hesabu, Lindi

Ninasoma mjadala huu kwa heshima, lakini nina swali kwa Mtakwimu wa Shangani: hiyo robo imetoka wapi? Umeonyesha wewe mwenyewe kwamba daftari likiingia zima jibu ni 1.69, likiingia robo ni 1.2, likiachwa nje ni 0.6. Namba tatu kutoka jaribio moja, na kinachozitenganisha ni chaguo la mchambuzi. Mkulima anayeamini gramu 200 atapata mtakwimu wa kumpa uzito mzima, na asiyeamini atapata wa kumpa sifuri.

R. A. Fisher, aliyeanza kazi katika kituo cha kilimo cha Rothamsted nchini Uingereza mwaka 1919 na kuandika kitabu chake cha usanifu wa majaribio mwaka 1935, aliikataa njia hii kwa sababu ya namna hiyo hiyo, na badala yake akatuachia kura, marudio na bloku. Vitu hivyo vitatu havihitaji imani ya mtu yeyote. Kwa nini dada yetu asipige kura, asifanye regresheni ya kawaida, akatoa 0.6 pamoja na masafa yake mapana, na akasema wazi kwamba jaribio halikutosha?

Mtakwimu wa Shangani

Mwalimu, robo imetoka kwenye uamuzi, na sitaificha nyuma ya fomula. Ninachodai ni kwamba uamuzi huo uandikwe na kusomwa mbele ya kikundi kabla ya duru ya kwanza, na kwamba mwisho wa msimu matokeo yatolewe kwa uzito wa aina tatu, kama nilivyofanya hapo juu. Mtu akiona jibu linayumba kutoka 0.6 hadi 1.69 atajua kwamba jaribio ni dogo kuliko ubishi. Hilo ni tangazo la wazi zaidi kuliko masafa mapana, ambayo kwa uzoefu wangu mkulima huyasikia kama "mtaalamu hajui".

Sifuri nayo ni uamuzi. Kusema kwamba daftari la miti 60 halina neno lolote la kusema ni kauli nzito sana juu ya daftari hilo. Hata wasiopenda jina la Bayes wamekuwa wakitumia regresheni ya ridge, inayovuta makisio kuelekea sifuri, tangu Hoerl na Kennard walipoieleza mwaka 1970, na kihesabu hiyo ni sawa na mgawanyo wa awali wenye kitovu sifuri kwa miteremko yote. Tofauti ni kwamba hawaulizwi wameitoa wapi.

Kuhusu kura, nakubaliana na Fisher bila kupunguza neno. Makala ya Thomas Bayes ilichapishwa mwaka 1763, miaka miwili baada ya kifo chake, kwa juhudi za rafiki yake Richard Price, na ndani yake hakuna shamba wala ploti. Dennis Lindley alipoandika mwaka 1956 jinsi ya kupima taarifa inayotarajiwa kutoka kwenye jaribio, alitupa namna ya kulinganisha mipango, lakini hesabu ile inaiamini modeli uliyoiandika. Kura ndiyo inayokukinga pale modeli inapokuwa imesahau kitu, na katika shamba la mikorosho huwa imesahau mengi.

Lakini kuna matumizi mengine ya daftari ambayo hatujayagusa, na kwangu mimi hayo ndiyo yenye faida kubwa kuliko ubishi wote wa robo na nzima. Dada amesema kila mti una namba. Basi ploti za jaribio zichaguliwe ili mti wa katikati uwe miongoni mwa ile 60, na kilo zake za mwaka jana ziingizwe kwenye regresheni ya mwaka huu kama kigezo cha pili, kando ya salfa. Mikorosho inatofautiana sana kwa nguvu, na sehemu kubwa ya zile kilo 4 za mkengeuko ni tofauti ya mti na mti, ambayo ilikuwapo kabla ya salfa kupulizwa. Tuseme korelesheni kati ya mavuno ya mwaka jana na ya mwaka huu, yaani kadiri yanavyokwenda pamoja, ni 0.7. Variansi ya mabaki inabaki asilimia 51 ya ilivyokuwa, na miti yako 24 inafanya kazi ya miti 47. Kwa mpango wa ncha mbili, mkengeuko sanifu wa mteremko unashuka kutoka 0.63 hadi 0.50, bila kununua gramu moja ya ziada. Korelesheni ikiwa 0.4 tu, faida ni ndogo: ni kama umeongeza miti mitano.

Ni hapa daftari linapokuwa salama, Mwalimu. Ukilitumia kukisia athari ya salfa, upendeleo wa wenye fedha unaingia moja kwa moja kwenye jibu. Ukilitumia kukisia nguvu ya mti, upendeleo huo hauna madhara, kwa sababu safari hii kura ndiyo inayoamua salfa iende wapi, nayo haiulizi mti ulizaa kilo ngapi mwaka jana.

Bi Ugani, Kitangari

Nawashukuru nyote, na Mzee kwa namna ya pekee, kwa sababu suala la upepo halikuwa kwenye mpango wangu hata kidogo. Mambo mawili yamebaki.

La kwanza ni kwamba wenye mashamba hawataki sifuri. Wanasema mti ukiachwa bila salfa kabisa unaweza kupoteza maua yote, na hasara hiyo ni yao, si ya mtakwimu. Je, nikianzia gramu 100 hadi 200 nitapoteza kiasi gani? La pili, kikundi hakitataka kusikia habari za masafa. Wataniuliza swali moja tu, nalo ni kama gramu za ziada zinalipa.

Mtakwimu wa Shangani

Utapoteza robo tatu ya taarifa, na sitii chumvi. Ukiibana nafasi kati ya ncha kutoka gramu 200 hadi gramu 100, umbali wa kila mti kutoka katikati unakuwa nusu, na kwa kuwa umbali huo unazidishwa kwa wenyewe, ile jumla ya 24 inashuka hadi 6. Uzito wa jaribio unakuwa 0.375 badala ya 1.5, na ili kuurudisha ungehitaji miti 96. Kwa uzito mdogo namna hiyo mgawanyo wa awali ndio utakaotawala jibu hata baada ya kuupunguza hadi robo, na hapo Mwalimu atakuwa na haki ya kutucheka.

Kabla ya kukubali hasara hiyo, liulize kundi kama linaweza kuwafidia wenye ploti za sifuri kwa kilo zinazokosekana ukilinganisha na mavuno ya miti yao mwaka jana. Ni ploti 9 tu. Wakikataa kabisa, chini iwe gramu 50 na si 100: hapo nafasi ni gramu 150, na taarifa inayobaki ni asilimia 56, ambayo kigezo cha mavuno ya mwaka jana kinaweza kuifidia kwa sehemu kubwa.

Kuhusu swali la kikundi, mgawanyo wa mwisho ndio unaolijibu moja kwa moja, na kwangu mimi hiyo ndiyo sababu kubwa ya kutumia Bayes shambani. Kwanza kokotoeni wenyewe kizingiti: gramu 100 za ziada kwa kila duru, kwa duru zote za msimu, pamoja na petroli ya mashine na ujira wa mpuliziaji, zinalingana na kilo ngapi za korosho ghafi kwa bei mnayoitarajia mnadani? Tuseme ni nusu kilo. Kwa matokeo yetu ya kufikirika, uwezekano kwamba mteremko unazidi nusu kilo ni asilimia 87 ukitumia robo ya daftari, asilimia 55 bila daftari, na zaidi ya asilimia 99 ukitumia daftari zima. Sentensi ya aina hiyo mkulima anaielewa, na anaweza kuipinga kwa kutaja bei nyingine. Bei ikishuka, kizingiti kinapanda, na hesabu inarudiwa bila kugusa data.

Ila mteremko mmoja unajibu swali la wastani kutoka sifuri hadi 200. Ubishi wa kikundi chako ni wa hatua ya pili, kutoka 100 hadi 200, na hiyo ni mteremko na mkunjo vikiwa pamoja. Kwa miti 6 tu katikati, jibu la hatua hiyo litakuwa na mashaka makubwa kuliko la mteremko peke yake. Waambie hivyo mapema.

Mwalimu wa Hesabu, Lindi

Hoja ya kilo za mwaka jana kama kigezo nimeikubali, na ingekubalika hata kwa Fisher, kwani uchambuzi wa kovariansi, yaani kuingiza kipimo cha kabla ya jaribio kama kigezo cha ziada, ni wake. Nina wasiwasi mmoja wa mwisho. Dada akitumia daftari kutengeneza mgawanyo wa awali wa mteremko, na kisha akatumia kilo zile zile kama kigezo, je, hajalihesabu daftari mara mbili?

Mtakwimu wa Shangani

Kwa miti 24 itakayoingia kwenye jaribio, mavuno ya mwaka jana yanaonekana sehemu mbili, lakini kwa kazi tofauti: mara ya kwanza ni matokeo ya salfa ya mwaka jana, mara ya pili ni kipimo cha nguvu ya mti kabla ya salfa ya mwaka huu. Hakuna kilo inayojirudia kama matokeo. Asiyeridhika ana njia rahisi, nayo ni kutengeneza mgawanyo wa awali kutokana na ile miti 36 isiyoingia kwenye jaribio. Uzito wake utakuwa mdogo zaidi, jambo ambalo Mwalimu hatalilalamikia.

Mzee wa Ploti, Nachingwea

Kura ipigwe mbele ya wenye mashamba, kwa vipande vya karatasi ndani ya kofia, bloku moja baada ya nyingine. Wakiona wenyewe, hakuna atakayesema mti wake ulipewa sifuri kwa chuki.

Na mwanangu, katikati ya msimu utaona maua ya ploti fulani yameungua kwa ubwiriunga, na mwenye shamba atakuomba umwongezee salfa. Ukimwongezea, andika gramu na tarehe mbele ya namba ya mti, ili mchambuzi aone kiwango kilichopigiwa kura na kiwango kilichopulizwa kweli, na hesabu ifanywe kwanza kwa kile cha kura. Mfuko wa mti ukichanganyika na wa jirani, uandikwe kuwa haupo. Usikadiriwe kwa macho.